Kutoka namba 9 hadi benchi la timu ya taifa: jibu kwa mchezaji wa Jinja

Swali: "Mwalimu, salaam. Nina miaka 31, nacheza raga namba 9, yule anayeutoa mpira kwenye rundo na kuwapasia wenzake, katika klabu moja hapa Jinja, na mchana ni fundi wa mitambo kiwandani. Goti la kulia halitanivusha msimu ujao. Lengo langu ni kuwa siku moja kocha wa timu ya taifa, Rugby Cranes. Wenzangu wananicheka. Wanasema kazi ile ni ya wenye majina, watu kama Robert Seguya na Tolbert Onyango, na mimi niliitwa kambini mara moja tu nikaachwa. Je, ni kweli? Nianzie raga ya wachezaji 15 au ya saba? Na kazi hii inaweza kulisha familia?"

Jibu: Ndugu yangu, wenzako wana ukweli upande mmoja. Jina hufungua mlango. Seguya alikuwa katika kikosi cha Rugby Cranes kilichotwaa Kombe la Afrika mwaka 2007, kile kilichokwenda Antananarivo kikaicharaza Madagascar 42–11 mbele ya mashabiki wake. Uganda haijalitwaa tena kombe hilo la wachezaji 15, kwa hiyo kila aliyevaa jezi siku ile ana heshima isiyohitaji maelezo. Mtu wa namna hiyo akipewa ukocha mkuu wa taifa, kama Seguya alivyopewa miaka kadhaa baadaye, wachezaji humsikiliza hata kabla hajafungua mdomo. Ni mtaji mkubwa.

Tatizo ni kwamba mtaji huo huisha haraka. Kazi yangu ni kuwafunza makocha, na wengi wanaonijia ni wachezaji waliostaafu wakiwa mashujaa wa klabu zao. Mazoezi ya kwanza vijana huwatazama kwa macho ya kustaajabu. Ikifika wiki ya tatu, wale wale vijana wameanza kuulizana pembeni: huyu anatuongezea kitu, au anatusimulia enzi zake? Hapo ndipo kocha anapoanza kupimwa, na trai alizofunga zamani, yaani mipira aliyoiweka chini nyuma ya mstari wa wapinzani, hazimsaidii tena.

Mtazame Onyango kwa jicho hilo. Naye alikuwa mchezaji, lakini leo ukimtaja Kampala, watu watakutajia alichokifanya akiwa kocha. Timu yake ya raga ya wachezaji saba ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 2016 jijini Nairobi, ikautetea nyumbani mwaka 2017, ikaenda Kombe la Dunia la San Francisco mwaka 2018. Mwaka 2022 ilishinda tena Afrika hapa Kampala, na mwaka huo huo ikashiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham na Kombe la Dunia mjini Cape Town. Jina analotajiwa sasa amelitengeneza akiwa benchi. Wenzako wanaliona limekamilika, hawaoni jioni ngapi zililijenga.

Na jirani zetu wana mfano ambao kila kocha wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua vizuri. Benjamin Ayimba alikuwa nahodha wa timu ya saba ya Kenya, kisha akawa kocha wake. Mwaka 2009 aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Dubai. Akaondoka, wakaja wengine, akarudishwa. Aprili 2016 kule Singapore timu yake iliishinda Fiji 30–7 katika fainali, na Kenya ikapata taji lake la kwanza katika mashindano ya dunia ya raga ya saba. Fiji hiyo hiyo, miezi minne baadaye, ilichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Ayimba alifariki Mei 2021, na hadi sasa sijaona ushindi wa timu ya ukanda wetu unaofikia ule wa Singapore. Usiupite haraka mstari unaosema aliondoka akarudishwa. Kazi ya taifa hutolewa na kuchukuliwa. Anayeitaka lazima awe na mahali pa kufanyia kazi pindi anapokuwa hayuko nayo, na kwa wengi mahali hapo ni klabu au shule.

Mfano wa karibu zaidi umeuona mwenyewe ikiwa ulikuwa uwanja wa Namboole Julai 2025. Zimbabwe iliifunga Namibia 30–28 katika fainali ya Kombe la Afrika, ikajikatia tiketi ya Kombe la Dunia la Australia 2027 baada ya kulikosa tangu 1991. Kocha wao, Piet Benade, ni mtu aliyewahi kuichezea timu hiyo hiyo, Sables. Alijua uzito wa miaka yote ile ya kukosa kwa sababu aliubeba mwenyewe akiwa mchezaji. Hiyo ni faida ambayo kocha wa kuletwa kutoka nje huwa hana, hata awe hodari namna gani. Sisemi makocha wa nje hawafai. Uganda iliwahi kufanya kazi na John Duncan wa Afrika Kusini, na mgeni huona mambo ambayo sisi tumeyazoea. Lakini mtoto wa nyumbani anajua kwa nini mchezaji fulani amechelewa mazoezini bila kuuliza.

Sasa upande wa pili wa ukweli, ambao wenzako hawakukupa. Kuna makocha wakubwa ambao jezi ya taifa hawakuivaa kabisa. Jake White aliiongoza Afrika Kusini kushinda Kombe la Dunia mwaka 2007, na hakuwahi kuwa Springbok. Graham Henry alishinda na New Zealand mwaka 2011, naye hakuwahi kuwa All Black. Eddie Jones hakuwahi kuichezea Australia, lakini aliifikisha fainali ya 2003, na mwaka 2015 akiwa na Japan aliishinda Afrika Kusini 34–32 mjini Brighton, matokeo ambayo dunia ya raga haijayasahau. Watatu hawa wana jambo moja la pamoja linalokuhusu: wote walikuwa walimu wa shule kabla ya kuwa makocha wa dunia. Walikuwa wameshazoea kusimama mbele ya watoto wasiojua kitu na kuwapeleka hatua kwa hatua.

Hapo ndipo ninapotaka uweke akili yako yote. Wewe unaijua namba 9 kwa mwili wako. Umerusha mpira kutoka chini ya rundo la wachezaji maelfu ya mara, mikono inafanya yenyewe. Kocha anahitaji kuijua kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuipokea, na ujuzi huu ni tofauti kabisa na ule wa kwanza. Wachezaji wengi wazuri hawaupati, kwa sababu hawaamini kwamba ni kitu cha kujifunza.

Jaribu hivi. Mchukue kijana wa miaka 14 ambaye hajawahi kucheza namba 9, umfundishe pasi ya kutoka chini. Ukimwonyesha tu na kusema "fanya kama mimi", ataunyanyua mpira kwanza, atasimama, atauvuta nyuma mpaka kiunoni, ndipo arushe. Kufikia hapo adui ameshamfikia mpokeaji. Ukimpigia kelele "haraka!", atafanya kosa lile lile kwa haraka. Sasa anza na miguu yake. Mguu wa nyuma uwe karibu na mpira, wa mbele uelekee kwa anayepokea. Magoti yakunjwe, makalio yashuke, mgongo usibebe kazi ya miguu. Mikono iufagie mpira kutoka ardhini bila kuuvuta nyuma, na vidole vimalizie vikimwelekea mpokeaji. Mpe jambo moja tu kwa wakati. Miguu leo, mikono kesho kutwa. Mpokeaji mweke karibu kwanza, umsogeze mbali pasi ikishanyooka, kisha mwongezee mtu wa kumsumbua. Mwishoni mrudishe kwenye mchezo wenyewe, kwa sababu pasi inayofanya kazi kwenye koni tupu haijathibitika.

Kijana huyo akiweza, na wewe ukiweza kueleza kwa nini ameweza, umeanza ukocha. Asipoweza, usimlaumu. Wewe ni fundi wa mitambo: mashine ikigoma huipigi teke, unasikiliza mlio, unafungua, unatafuta sehemu iliyolegea. Uvumilivu huo unao tayari, na nina hakika utakusaidia uwanjani kuliko kambi yoyote ambayo ungeitwa.

Kwa hiyo anzia kwa watoto. Jinja ina bahati. Kuna shule za sekondari mjini, kuna shule ya Mwiri pale juu ya kilima, kuna mitaa ya Walukuba ambako watoto wanakimbia na mpira wowote wanaoupata. Nakushauri upate timu moja ya vijana wa chini ya miaka 18 na ukae nayo angalau misimu miwili. Mmoja hautoshi, kwa sababu msimu wa kwanza utafundisha yote unayoyajua, na wa pili ndio utakaoonyesha nini kilibaki vichwani mwao. Zingatia sheria za umri wao: kwa vijana wa chini ya miaka 19, skramu, ile ya washambuliaji kusukumana kwa mabega, hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5, na kuna sababu ya msingi, shingo ya mtoto haijakomaa. Nimeona makocha waliotoka timu kubwa wakiwafundisha watoto skramu ya wakubwa ili washinde mechi ya shule. Hilo linaniumiza kila ninapoliona. Timu ya taifa ya miaka kumi ijayo imo ndani ya watoto hao, na wengine wanaacha mchezo kwa maumivu ambayo hayakuwa ya lazima.

Usalama mwingine ni kichwa. Kanuni ya Shirikisho la Raga Duniani ni fupi: ukihisi mchezaji amepata mtikisiko wa ubongo, mtoe nje, na siku hiyo harudi. Hata kama ni nahodha, hata kama zimebaki dakika tano na mko nyuma kwa pointi mbili. Kurudi kwake kunapita hatua kwa hatua, kuanzia mapumziko hadi mazoezi ya kugongana, na daktari ndiye anayempa ruhusa ya mwisho. Kocha wa kijijini asiye na daktari pembeni anahitaji kuijua kanuni hii kuliko kocha wa taifa mwenye madaktari. Wafundishe pia kuangusha kwa usalama tangu siku ya kwanza: macho wazi, kichwa kikae nyuma ya mwili wa mwenye mpira, bega lifanye kazi, mikono ifunge. Ukikuta mtoto anainamisha kichwa na kufumba macho, simamisha zoezi lote.

Kuhusu vyeti. Shirikisho la dunia lina ngazi zake za ukocha, Daraja la 1, la 2 na la 3, na kozi hizo hutolewa nchini kupitia Chama cha Raga cha Uganda, kile kilichoanzishwa mwaka 1955. Daraja la 1 linakufundisha kupanga na kuendesha zoezi salama lenye maana. Daraja la 2 linakutaka uchambue mchezo na uonyeshe kazi yako mbele ya mkaguzi, na hapo wengi hukwama kwa sababu hawakuwa wakiandika chochote tangu mwanzo. Kwenye tovuti ya shirikisho kuna pia masomo ya bure: usalama uwanjani, mtikisiko wa ubongo, dawa zilizokatazwa, sheria za mchezo. Unaweza kuyafanya kwa simu yako baada ya zamu. Yafanye yote. Hayatakufanya kocha, lakini bila hayo hata barua yako haitasomwa.

Ninachokiona kina uzito kuliko cheti ni daftari. Andika kila zoezi uliloliendesha: ulitaka nini, kilitokea nini, utabadilisha nini. Piga video mechi zenu kwa simu iliyofungwa mahali pa juu, hata juu ya paa la gari, kisha itazame ukiwa umesahau kidogo hasira za mechi. Chagua jambo moja, kwa mfano mlipoteza mpira mara ngapi baada ya kuangushwa, na ufuatilie hilo tu kwa mechi tano. Siku utakapokaa mbele ya watu wanaochagua kocha wa taifa na ukafungua daftari la miaka minne, hawatauliza kama uliwahi kuvaa jezi ya Cranes.

Baada ya watoto, omba kuwa msaidizi. Wachezaji wengi waliostaafu hapa ndipo wanapokosea hesabu. Wanataka timu yao mara moja, kwa sababu walizoea kuwa nahodha na wanaona kuwa msaidizi ni kushuka. Msaidizi ana nafasi ambayo kocha mkuu hana. Anaweza kumsikiliza mchezaji aliyeachwa na kujua anachokifikiri kweli. Anaweza kujaribu wazo likashindwa bila klabu nzima kutikisika. Nenda ukawe msaidizi kwa kocha ambaye hamfanani. Kama wewe ni mtu wa mbio na pasi, mtafute yule anayeishi kwa skramu na laini-auti, ule mpira unaorushwa kutoka pembeni, ukae miguuni pake. Namba 9 anaona migongo ya washambuliaji wake kila siku, lakini wachache wanajua kinachotokea kati ya mabega ya wale wanane. Kocha wa taifa asiyejua hilo atadanganywa na propu wake mwenyewe, yule wa mstari wa mbele wa skramu.

Na kuna wakati hakuna wa kwenda kukaa miguuni pake. Wanawake wa raga wa Uganda wanaijua hali hiyo. Helen Buteme alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa timu ya wanawake, akawa nahodha wake, na baadaye akawa kocha wake. Hapakuwa na kizazi cha akina mama kabla yao ambacho wangekiuliza maswali. Hata hivyo mwaka 2009, Kombe la Dunia la raga ya saba lilipoanza kuwa na wanawake huko Dubai, Uganda ilikuwemo. Ninawataja kwa sababu klabu za wanawake bado zina uhaba mkubwa wa makocha wanaojituma, na vijana wa kiume hawazifikirii wanapotafuta pa kuanzia. Wachezaji wa kike huuliza "kwa nini" mara nyingi kuliko wenzao wa kiume, angalau kwa niliowafundisha mimi, na swali hilo litakunoa vibaya sana.

Sasa, raga ya 15 au ya saba? Kwa kocha anayeanza, ninapendelea ya 15, ingawa najua taji nyingi za Uganda za miaka hii zimetoka kwenye ya saba. Ya saba ni dakika saba kila kipindi, wachezaji saba na wa akiba watano, na kosa moja la kukaba linakuwa trai kabla hujameza mate. Inamfundisha kocha kuchagua haraka na kujua pumzi ya kila mchezaji. Ya 15 ina dakika 40 kila kipindi, wachezaji 23 siku ya mechi, na inakulazimisha kuunganisha watu wa maumbo na tabia tofauti kabisa. Aliyeanza na 15 huhamia saba kwa urahisi kidogo kuliko aliyeanza na saba. Kalenda ya nyumbani yenyewe inakuruhusu kufanya yote mawili, kwa kuwa ligi ya 15 huchezwa mwanzoni mwa mwaka na msururu wa mashindano ya saba hufuata ligi ikiisha. Fanya yote mawili, lakini elimu yako ya msingi iwe ya 15.

Kuhusu kazi ya taifa yenyewe, nikueleze kitu ambacho mashabiki hawakioni. Kocha wa klabu anaishi na wachezaji wake mwaka mzima. Kocha wa taifa anawaazima. Wengine wako klabu za Kampala, wengine nje. Philip Wokorach, kwa mfano, alikuwa akicheza klabu ya Kabras huko Kakamega, Kenya, na baadaye Ufaransa wakati taifa likimhitaji. Kanuni ya 9 ya shirikisho la dunia inazilazimu klabu kuwaachia wachezaji katika vipindi vya mechi za kimataifa, lakini karatasi ni kitu kimoja na tiketi ya ndege ni kingine. Kambi inaanza, nusu ya kikosi iko kazini mpaka jioni, wengine wamekwama kwenye foleni ya Jinja Road, na una wiki chache kabla ya Kombe la Afrika au kabla ya Kombe la Elgon dhidi ya Kenya, pambano lililoanza 2004. Huna muda wa kufundisha pasi. Unachofundisha ni lugha moja: tukiwa kwenye mita zetu 22, karibu na mstari wetu wa mwisho, tunafanya nini, nani anaita, nani anapiga mpira. Kocha anayejaribu kuleta mambo kumi katika kambi fupi huishia na mambo kumi nusu nusu.

Na lugha yenyewe ichague vizuri. Kikosi cha taifa kina watoto wa Kampala, wa Busia, wa Arua, wa Jinja kama wewe. Kiingereza kinafaa ukutani kwenye ubao. Katikati ya purukushani, mchezaji husikia lugha aliyozoea kuitwa nayo. Miito mifupi ya Kiswahili nimeona ikifanya kazi vizuri, kwa sababu haimilikiwi na kabila la mtu wala klabu ya mtu.

Klabu ndiyo itakayokupa usiku mgumu. Ukitaja kikosi, watu watahesabu kabla hujamaliza kusoma: Heathens wangapi, Kobs wangapi, Pirates wangapi, na mbona Jinja mmoja tu. Ukiwa mtoto wa Jinja, ukichukua watatu watasema umebeba ndugu zako, ukichukua mmoja nyumbani watakununia. Dawa pekee ninayoijua ni kuweka vigezo hadharani kabla ya majaribio, na kuvifuata hata vinapomkata rafiki. Na atakatwa rafiki. Mtu mliyelala naye chumba kimoja safarini, aliyesimamia harusi yako, sasa amepoteza kasi na yeye hajui. Mwambie ana kwa ana, wewe mwenyewe, kabla orodha haijasomwa. Mpe sababu moja ya kweli na usiipambe. Usimtume msaidizi, usiandike ujumbe wa simu. Wachezaji wengine wote watajua jinsi ulivyolifanya hilo, na watakupima kwa hilo kuliko kwa mbinu zako.

Kuhusu chakula cha familia, nitakuambia wazi: usiache kiwanda. Raga yetu bado kwa sehemu kubwa inachezwa na kufundishwa na watu wenye kazi nyingine, na klabu nyingi humpa kocha nauli na posho, si mshahara wa kulea watoto. Zungumza na msimamizi wako ubaki kwenye zamu ya mchana, ili jioni ziwe huru. Fedha inayotabirika zaidi iko mashuleni, kwa sababu shule hulipa kwa muhula na inataka mtu anayefika kila Jumanne na Alhamisi bila kukosa. Ukipata shule moja na klabu moja, ukaongeza na mshahara wa kiwandani, unaweza kuendelea miaka mingi bila kumwudhi mkeo. Na mshirikishe tangu sasa. Mwaka mzima jioni zako hazitakuwa nyumbani, na Jumamosi zote zitakuwa uwanjani.

Umesema umebakiwa na msimu huu mmoja. Usiumalize ukiwa mchezaji tu. Nenda kwa kocha wako wiki hii, umwombe akupe dakika 20 za kila mazoezi ufundishe pasi kwa manamba 9 na 10 wa timu ya pili. Akikubali, anza daftari usiku huo huo. Akikataa, nenda shule iliyo karibu na nyumbani kwako, uonane na mwalimu wa michezo, umwambie una mpira mmoja na jioni mbili kwa wiki.